Paki kubwa za burudani kama Disneyland zinapangwaje mpaka zinajengwa? Nimekwama wakuu

mchoraji_mdogo:

Wakuu habari za muda huu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu, tumepewa kazi ya kubuni paki kubwa ya burudani kwenye eneo tupu la ekari 150. Nikaanza na rola kosta (ile treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi) maana ndo inavuta macho, nikaweka na ngome katikati, nikapaka rangi vizuri kabisa. Mwalimu akaangalia kama dakika 2 hivi akaniuliza "watu wako wangapi?" nikakosa jibu, akaniuliza tena "takataka zinatokea wapi?" nikakosa jibu tena.

Sasa mwenye uelewa anisaidie, hawa jamaa wanaojenga hivi vitu wanaanzia wapi hasa, michezo kwanza, hadithi kwanza au hela kwanza? Na kwanini nyingine zinakufa mapema wakati zimejengwa kwa mahela mengi? Natanguliza shukrani.

Baba Nuru:

Mdogo wangu mwalimu wako kakuuliza swali la kwanza kabisa la kazi hii, wala hajakuonea. Paki inaanza na idadi ya watu, rola kosta inakuja baadaye sana.

Angalia Disneyland yenyewe. Mwaka 1953 Walt Disney, mwenye paki, aliwapa kazi Stanford Research Institute, kituo cha utafiti, jamaa anaitwa Harrison Price ndo akaongoza huo upembuzi, swali likiwa moja tu, paki ikae wapi. Price hakuchora chochote, alikaa na takwimu akaangalia idadi ya watu Kusini mwa California inaelekea kuongezeka upande gani, barabara kuu mpya inapita wapi, hali ya hewa ikoje, akatua Anaheim kwenye mashamba ya machungwa. Ekari 160 hivi. Paki ikaanza kujengwa 1954 na mwaka mmoja baadae, Julai 17, 1955, wakafungua.

Sasa wewe fanya hivi. Anza na watu kwa mwaka, halafu tafuta siku yako ya kupimia. Hiyo sio siku ya kawaida na wala sio ile siku moja ya sikukuu ambayo watu wanafurika, maana ukijengea wastani utakuwa na foleni za kuua wakati wa likizo, na ukijengea kilele cha mwaka utakuwa umemwaga zege ambalo siku 340 halina kazi. Unachukua siku yenye watu wengi lakini inayojirudia rudia. Tuseme siku hiyo wanaingia 12,000, lakini hawawi ndani wote kwa wakati mmoja, wengine wanakuja mchana wengine washaondoka, kwa hiyo saa ile iliyojaa zaidi tuseme wapo 8,000. Kila mmoja kwa saa anataka afanye kitu kimoja na nusu hivi, apande mchezo, aangalie shoo, kitu kama hicho. 8,000 mara 1.5 ni nafasi 12,000 kwa saa. Hiyo namba ndo paki yako, kila kitu kinatoka humo, michezo, meza za kulia, vyoo, maegesho, hata upana wa njia.

Halafu chukua rola kosta yako uliyoipaka rangi. Treni ina viti 24, inaondoka kila sekunde 90, hiyo ni mara 40 kwa saa, yaani watu 960. Umeona? Kitu cha bei kubwa kuliko vyote kinakupa 960 kati ya 12,000! Na wahudumu wakichelewa kufunga mikanda treni ikawa inaondoka kila dakika 2 unashuka mpaka 720, kwa siku ya saa 10 umepoteza nafasi 2,400 bila kitu chochote kuharibika. Ndo maana paki za maana zina zile safari za mashua na vigari visivyosimama, watu wanapanda huku ukanda unatembea. Hazina sifa ya kutisha lakini zinabeba zaidi ya 2,000 kwa saa na bibi anapanda na mjukuu.

Kwanini zinakufa, hesabu za watu zinakuwa za matumaini. Hard Rock Park kule Myrtle Beach Marekani ilifunguliwa 2008, imekula karibu dola milioni 400, mwaka huohuo ikafilisika. Ukikosea namba ya kwanza, hayo mengine yote umeyakosea kwa ukubwa uleule.

Msimulizi:

Baba Nuru nakuheshimu ila hapo umeminya upande mmoja. Mwaka huohuo wa 1953 Walt alimwita mchoraji Herb Ryman wakajifungia wikendi moja wakatoa mchoro mkubwa wa paki nzima ikionekana kutoka juu, na ndo mchoro huo Roy Disney, kaka yake Walt, aliubeba kwenda New York kutafuta hela. Wenye hela hawakuwekeza kwenye jedwali la hesabu peke yake, walionyeshwa mahali.

Na huo mpangilio ndo umebaki mpaka leo. Unaingia kwa mlango mmoja, unapita barabara moja, unatokea kwenye uwanja katikati na njia zinachanua kama mikono ya nyota ya baharini, kila mkono una dunia yake. Mtu hapotei, akichoka anarudi katikati. Na ngome mwisho wa barabara ile haikuwekwa kwa urembo tu, ni ya kumvuta mtu atembee mbele badala ya kusongamana mlangoni. Ile ya California ina kama mita 23 tu lakini ukiiangalia unaona ndefu maana matofali na madirisha yanapungua ukubwa kadri unavyopanda juu, jicho linadhani kilele kiko mbali. Ile ya paki yao nyingine ya Florida ni futi 189 (kama mita 58), ukifika futi 200 Marekani sheria za anga zinakudai taa nyekundu juu, sasa fikiria ngome ya binti mfalme ina taa ya kuonya ndege.

Kwa hiyo mdogo wetu ngome yako usiifute. Jiulize tu inamvuta nani kutoka wapi kwenda wapi.

mama_michoro:

Mimi nijibu la takataka maana naona wote mmeliruka, na ndilo ninalolipenda kuliko yote 🙂

Kuna paki mbili kwenye kila paki, moja ya mgeni na moja ya wafanyakazi, na hizo mbili zisikutane. Magic Kingdom, ile paki ya Disney ya Florida iliyofunguliwa Oktoba 1971, wanaposema ina mahandaki chini, kiukweli hayakuchimbwa, kule maji yako karibu sana na uso wa ardhi, ukichimba kidogo tu unakutana nayo. Walichofanya wakajenga zile korido juu ya ardhi kama ghorofa ya kwanza, wakachukua udongo waliochimba kutengeneza ziwa lililo mbele ya paki wakafukia pembeni, halafu paki ikajengwa juu. Yaani mgeni anayetembea pale yuko ghorofa ya pili na hajui. Chini yake wanapita wafanyakazi na mavazi yao, vyakula, nyaya, na takataka zinavutwa kwa upepo ndani ya mabomba mpaka nyuma kabisa. Hilo ndo jibu la mwalimu wako.

Halafu dunia ya nje. Disneyland ya California wamezungusha tuta la udongo na treni inapita juu yake ili ukiwa ndani usione magari na nguzo za umeme. Ila eneo likawaishia, sasa nyumba ya mizimu ya 1969 ukumbi wake mkubwa uko nje ya tuta! Wageni wanaingia kwenye chumba ambacho kuta zinaonekana zinarefuka, wanashangaa wanapiga kelele, kumbe ni lifti inawashusha wapite chini ya reli. Mimi huwa nasema hiyo ndo dizaini bora niliyowahi kuiona, tatizo la ardhi limegeuzwa kuwa sehemu inayokumbukwa na kila mtu.

Na usidharau vyoo na maji ya kunywa. Siku ya ufunguzi 1955 mafundi bomba walikuwa wametoka kwenye mgomo, muda hautoshi, ikabidi wachague vyoo vifanye kazi au mabomba ya kunywea, wakachagua vyoo, na siku yenyewe joto kali, lami mbichi viatu vya kina mama vinazama.

Hali ya hewa pia iamue umbo. Tokyo Disneyland, 1983, ile barabara ya kuingilia wameifunika paa la kioo sababu ya mvua. Abu Dhabi, Ferrari World ya 2010, karibu yote wameiweka chini ya paa moja kubwa maana jua la kule hauwezi kumpanga mtu foleni nje.

fundi_chuma:

Naongezea upande wa chuma kwa kifupi. Mdogo hicho kitanzi ulichochora kwenye rola kosta, pale treni inapozunguka kichwa chini, kama ni duara kamili kifute leo. Wa zamani walijaribu duara watu wakaumia shingo, maana treni ikiingia chini kwa kasi mwili unabanwa ghafla kwa nguvu kubwa mno. Injinia Mjerumani Werner Stengel pamoja na Anton Schwarzkopf ndo wakaja na kitanzi chenye umbo la tone la maji, chini mkunjo mpana juu mkunjo mdogo, kikafunguliwa kwenye paki ya Magic Mountain California 1976 na vitanzi vya leo vinafuata njia hiyo.

Na reli yako umeikata vipande vya usalama? Kila kipande treni moja tu, mwisho wa kila kipande kuna breki inayoweza kuisimamisha, kwa hiyo treni zako lazima ziwe pungufu ya vipande. Hiyo ndo inaamua zile sekunde 90 za Baba Nuru.

Eneo nalo linaweza kukubana ukatoa kitu kizuri zaidi. Paki ya Alton Towers Uingereza hawaruhusiwi kupita urefu wa miti, basi rola kosta yao Nemesis ya 1994 wakachimba shimo kwenye mwamba wakaiweka humo, reli inapita pembeni ya mawe na ukiwa juu yake unahisi kasi mara mbili. Na kabla mtu hajakaa wanaiendesha sana tu na madoli yaliyojazwa maji badala ya watu, mchana na usiku.

mchoraji_mdogo:

Wakuu sijui niwashukuruje, nimekaa na hizi hesabu jana mpaka saa 8 usiku. Nimepata nafasi 10,500 kwa saa, nimebakiza rola kosta 2, safari za mashua 2, moja ya vigari visivyosimama, kumbi za shoo 3 na nyingine ndogondogo za watoto, ngome nimeisogeza ikae mwisho wa barabara ya kuingilia. Korido ya chini sitaiweka, eneo letu lina maji karibu na siwezi kuinua paki nzima, badala yake nimezungusha barabara ya huduma nje ya tuta. Swali la mwisho, hiyo barabara iguse kila jengo?

mama_michoro:

Kila jengo kwa mgongo wake, ndio, na iwe na upana wa gari la zimamoto kupita na kugeuka. Jiko lolote la mgahawa ambalo mgongo wake hauigusi, lisogeze leo kabla hujaendelea kuchora. Halafu tuwekee mchoro hapa tuuone.