Nimeuziwa kontrola ya "MPPT", nimeifungua nimekuta PWM!

Wakuu, naandika haya nikiwa na hasira. Miezi minne nahangaika na friji ya chanjo za kuku dukani kwangu Sengerema, kumbe mwizi ni kontrola ya sola (kifaa cha kati ya paneli na betri) niliyouziwa Mwanza kwa 120,000, imeandikwa MPPT kwa herufi kubwa, yaani ile inayotafuta wati nyingi kabisa za paneli, na ndani ni PWM, ile ya kawaida isiyoweza hivyo.

Kila alfajiri inveta inalia, friji imezima. Fundi akasema betri imechoka. Nikanunua nyingine. Haikupita wiki mbili, kilio kilekile. Dozi za kideri nimemwaga, wafugaji wamerudi mikono mitupu.

Juzi saa saba mchana, jua la utosi, nikaazima mita ya kubana waya. Paneli yangu ni ya wati 330, volti 37, betri ni ya 12. Waya unaotoka kwenye paneli: ampea 8.6. Unaokwenda kwenye betri: 8.6 hizohizo! Volti za paneli: 13.4. Pigeni hesabu wenyewe, wati 115. Hiyo ni PWM, inaifunga paneli na betri moja kwa moja na kuiburuza hadi kwenye volti za betri.

MPPT ya kweli ina programu inayosogeza volti za paneli kidogo na kupima wati. Zikipanda inaendelea upande huohuo, zikishuka inageuza, hivyo hivyo mpaka jua lizame. Kisha koili inashusha volti na kupandisha ampea. Hata kwa joto letu, ambalo hupunguza volti za paneli, betri ilipaswa kupata kama ampea 20. Zaidi ya nusu ya umeme wangu ulikuwa unabaki juu ya bati!

Nikafungua skrubu nne. Koili hakuna. Nikabandua stika ya mbele, chini yake kwenye plastiki pamechapwa PWM. Yaani mtu alikaa chini akabandika.

Nimempigia muuzaji: "Mali ikishauzwa hairudi, mbona wenzako hawalalamiki?" Watalalamikaje na mita hawana? Wanalaumu betri, wanalaumu mawingu, wananunua betri nyingine hapohapo kwake!

Jumatatu navuka daraja la Busisi na kontrola yangu na stika yake. Mwenye paneli ya volti kubwa kwenye betri ya 12 apime kesho saa saba. Ampea za kuingia na kutoka zikilingana, aje twende wote.