Nataka kusoma uzamivu wa fiziolojia nikiwa Mombasa, nianzie wapi?

Bint Kisauni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nafundisha fiziolojia kwa wanafunzi wa uuguzi hapa Mombasa, mwaka wa kumi sasa. Uzamili nilimaliza 2016. Nina miaka 38, watoto wawili, na mamangu mgonjwa naishi naye.

Machi mwaka jana mjomba wangu, hamali wa soko la Kongowea, alianguka na gunia la viazi mgongoni. Hospitalini akatundikiwa dripu, damu ikapimwa, tukaambiwa figo zimechoka. Baada ya wiki mbili alikuwa sokoni tena. Nikamwomba anipe ruhusa nimpime. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya lori la kwanza, mizani ilisoma kilo 64.2. Saa tano, tumemfuta jasho kwa taulo na kuvaa kikoi kile kile kikavu, ikasoma 62.9. Katikati alikunywa maji lita moja na nusu, na haja ndogo hakwenda hata mara moja. Jumlisheni kilo 1.3 alizopungua na maji aliyokunywa: lita 2.8 za jasho kwa saa tano. Hesabu hiyo naandika ubaoni kila mwaka, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Tangu hapo swali halinitoki: mtu anayebeba mizigo kwenye joto letu hili mwaka nenda mwaka rudi, figo zake zinakuwaje?

Nahofia mawili. Msimamizi wangu wa uzamili alikaa na sura yangu moja ya tasnifu miezi kumi na moja, hakuigusa. Nikikumbuka bado naumia. Na pesa. Nijilipie karo Nairobi mwaka huu, au nisubiri ufadhili wa ng'ambo? Naomba mniambie ukweli.

Mpwa wa Likoni

Dada, usijilipie. Mimi nilijilipia, mwaka wa pili karo yangu ikagongana na ya watoto, nikaacha. Hadi leo roho inaniuma.

Mzee wa Kibokoni

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefundisha fiziolojia hadi nikastaafu, na wanafunzi wengi waliokuja kwangu kutaka uzamivu walikuja bila swali. Wewe unalo. Sasa tulinoe.

Jasho linalodondoka chini halimpozi mtu. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi: lita moja ikikauka yote huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Machi hapa kwetu hewa imeshiba unyevu, jasho halikauki, mwili unazidi kulitoa. Mjomba alipoteza asilimia mbili ya uzito wake na huku alikuwa anakunywa. Hapo damu inagombewa na ngozi na misuli, na figo ndizo zinazopunjwa.

Huko El Salvador na Nikaragua wakata miwa, vijana kabisa, wameugua figo bila kisukari wala shinikizo la damu. Joto na kukaukiwa maji ni miongoni mwa mambo yanayoshukiwa, na wataalamu hawajamaliza kubishana. Kwa hiyo swali lako ni hai.

Ila angalia mtego. Ukipima kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo huichuja kwenye damu, asubuhi na jioni ukaiona imepanda, usikimbilie kusema figo zimeumia. Kazi nzito ya misuli peke yake hupandisha kreatinini. Itabidi uwafuate watu wale wale misimu kadhaa, wa joto na wa baridi, na uwe na wa kulinganisha nao, mathalani wauza nguo wa soko hilo hilo wanaokaa kivulini. Mizani ya nyumbani haitoshi. Tafuta rifraktomita, matone machache ya mkojo yanakuonyesha umekolea kiasi gani.

Kuhusu msimamizi: kabla ya kuchagua chuo, chagua mtu. Watafute wanafunzi wake waliomaliza, na hasa walioacha, uwaulize sura hukaa kwake siku ngapi. Na msimamizi wa pili awe daktari wa figo aliye hapa hapa Mombasa.

Mwanamaabara Kilifi

Dada, mbona unatazama Nairobi na ng'ambo tu? Hapa Kilifi kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kipo tangu 1989, na wapo watu wanaofanya uzamivu ndani yake. Chuo Kikuu cha Pwani nacho kiko hapa. Pwani yetu imeshawahi kujibu maswali makubwa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona chembe za selimundu, zile seli za damu zenye umbo la mundu, zimejaa huku pwani na kando ya Ziwa Victoria lakini ni chache nyanda za juu, na 1954 akaonyesha kwamba anayezirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria.

Jambo moja tafadhali: usimpime mtu mwingine yeyote kwanza. Upate idhini ya kamati ya maadili, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Vipimo vya mjomba havitaingia kwenye tasnifu, vikae kama chanzo cha swali.

Mama Watatu

Uzamivu Marekani mara nyingi unalipiwa karo na kupewa posho ukiwasaidia maabara au kufundisha, lakini ni miaka mitano au zaidi. Mama utamwacha na nani? Tazama ufadhili wa Jumuiya ya Madola ule wa kugawanya: unabaki mwanafunzi wa chuo cha nyumbani, unakwenda Uingereza hadi miezi 12 tu. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Wajerumani, nao hufadhili watu wasome hapa hapa. Na anza kuandika mapema, kwa sababu vyuo vyetu vinataka makala mawili majaridani kabla hujahitimu. Mimi zangu niliandika saa tisa usiku, mtoto akinyonya.

Bint Kisauni

Shukran sana, nimesoma kila neno mara mbili. Mzee wangu, la kreatinini na misuli lilikuwa limenipita kabisa. Nairobi ya kujilipia nimeiweka kando. Nimewaandikia watu wawili, mmoja Kilifi ameshajibu, anataka ukurasa mmoja kufikia Ijumaa. Mjomba alikuwa ameniandalia wenzake sita wa kupimwa, nimemwomba wangoje kibali. Amekubali, ila anauliza kila siku.

Kuna anayejua rifraktomita ya mkono inapouzwa hapa mjini, hata iliyotumika?