Tupeane uzoefu: Kompyuta kubwa ya mezani bado ina kazi kwa sisi tunaokula kwa kompyuta hapa Dar?

Mchora Majengo

Habari zenu wakuu.

Mimi ni mchora ramani za majengo, ofisi iko Sinza. Vijana wanaoanza kazi wananiuliza swali moja kila mara: nichukue laptopu yenye nguvu, au nijikusanye ninunue mashine kubwa ya mezani? Mtaani jibu limeshazoeleka, kwamba ya mezani imepitwa na wakati. Mimi sikubali jibu hilo apewe kila mtu, na kwa vile hapa tunaongelea hela nyingi za mtu anayeanza maisha, nimeona tukusanye uzoefu wa fani mbalimbali sehemu moja.

Naanza na wangu. Kazi yetu ina sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Kuchora kwenyewe, kwenye programu ya Revit kwa mfano, kunategemea zaidi kasi ya kori moja (kori ni kila kitengo cha kazi ndani ya prosesa) kuliko wingi wa kori, kwa hiyo laptopu nzuri inatosha kabisa. Sehemu ya pili ni kurenda, yaani mashine kuugeuza mchoro kuwa picha au video inayofanana na kitu halisi. Mteja akitaka video ya dakika 2 ya nyumba yake, kwa fremu 30 kila sekunde, hizo ni fremu 3,600. Fremu moja ikila dakika moja, mashine inafanya kazi saa 60 bila kupumua. Laptopu itaimaliza, sibishi. Ila kwa joto la hapa la Februari, ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi, inajishusha kasi yenyewe ili isiungue, na zile saa 60 zinaanza kuvutika. Ya mezani yenye kava pana na feni kubwa inakwenda na mwendo uleule tangu jioni mpaka asubuhi, na mimi laptopu yangu iko huru naendelea na mchoro mwingine.

Karibuni. Semeni unafanya kazi gani, unatumia nini, na umeme na joto vinakutendaje.

Mpimaji wa Goba

Mkuu, umegusa penyewe. Sisi wapimaji tunaorusha droni tusingefika popote bila mashine za mezani. Ukirudi saiti na picha zaidi ya elfu moja, programu kama Metashape inatakiwa izipange, itafute alama zinazofanana kati ya picha na picha, itengeneze wingu la nukta, kisha ndiyo ikutolee picha-ramani na miinuko ya ardhi. Hapo kinachoamua ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Picha zikiongezeka, RAM inayotakiwa nayo inaongezeka, na ikiisha katikati ya kazi programu inasimama, unapoteza usiku mzima. Laptopu nyingi za kawaida zina nafasi mbili tu za RAM, na nyingine siku hizi RAM imegandishwa kwenye bodi, huongezi kitu. Mimi natumia HP Z440, ya mezani yenye prosesa ya Xeon, iliyotoka Ulaya ikiwa imetumika. Ina nafasi 8 za RAM. Nilianza na chache, kila nikilipwa naongeza.

Lakini umeme, wakuu, tusiufiche. Ule mgao wa kuanzia mwishoni mwa 2023 ulitufundisha wengi. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 limeshaanza kuzalisha na hali si ile tena, ila laini ya mtaani bado inakatika, na ikirudi inarudi kwa kishindo. Watu wananunua UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) ndogo ya 650VA wanadhani wamemaliza. Hiyo uwezo wake hauzidi wati 400 hivi. Mashine ikiwa imetulia inaibeba vizuri tu. Siku inachakata, prosesa na kadi ya picha zote ziko juu, skrini nayo imewaka, umeme ukikatika UPS inalia mara moja na kila kitu kinazima. Pima mzigo wako wakati kazi imepamba moto, ndipo uende dukani.

Bi Mhariri

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi nahariri video za harusi na matangazo, nipo Mikocheni, na ya mezani nimeiuza. Tunaporekodi kwa kamera za sasa, faili nyingi zinatoka kwenye H.265 ya biti 10, aina ya 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana. Kuzifungua tu ni kazi, na Xeon za miaka ile hazina sehemu maalumu ya kufungua video za namna hiyo. Kori 12 zinahangaika na klipu moja. Kompyuta za Apple za kuanzia M1 ya 2020 zinazifungua bila jasho, na laptopu za Intel za kizazi cha 11 kwenda mbele nazo zinaziweza. Kwa hiyo laptopu yangu inaipita ile mashine kubwa kwenye kile ninachokifanya kutwa.

Halafu betri. Umeme ukikatika sijui hata kama umekatika, mpaka nisikie jenereta la jirani. Na bibi harusi akitaka kuona kazi, naibeba naenda kwao Tabata, tunakaa na mama yake tunarekebisha palepale. Kaka Mchora, kwa fani yako naona hoja, lakini msiwaambie vijana wa video wanunue Xeon.

Mhasibu Posta

Kwa sisi wa vitabu vya hesabu, laptopu ya kawaida yenye SSD na RAM ya 16GB inatosha. Atakayekwambia zaidi ya hapo anauza.

Fundi wa Aggrey

Wadau, mimi nipo Kariakoo, hizi mashine zinapita mikononi mwangu kila wiki. Naomba niwape yale ambayo muuzaji hakwambii.

La kwanza, Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Z440, Z640, Dell Precision T5810, zote zile za Xeon E5 haziko kwenye orodha. Ukiikuta dukani ina Windows 11, ujue imepitishwa mlango wa nyuma, inafanya kazi ila hujui sasisho lijalo litaileta wapi. Mpimaji wewe uko salama, maana Metashape na QGIS ya ramani zinakwenda kwenye Linux, mfumo mwingine usio Windows. Blender na DaVinci Resolve pia. Revit na AutoCAD hapana.

La pili, saplai za umeme za HP na Dell hazifanani na zile za kawaida za dukani. Ikiungua inabidi utafute ileile. Muulize muuzaji kama anayo nyingine kabla hujalipa.

La tatu, fungua kava mbele yake. Angalia kutu kwenye skrubu na kwenye milango ya USB, hasa kama ilikaa karibu na bahari. Mashine ikiwashwa, weka kiganja nyuma usikilize hewa. Hewa ikitoka kidogo na ya moto sana, vumbi limeziba au pesti ya prosesa imekauka. Hilo linatengenezeka, lakini ulijue kabla ya kupatana bei.

Na nitasema hili kama fundi: ya mezani ikifa kipande, tunabadili kipande. Laptopu nyembamba ikifa bodi, mara nyingi imekufa yote.

Mchora Majengo

Fundi, asante sana mkuu, hii ya Windows 11 ingeandikwa ukutani kila duka. Bi Mhariri, nimekuelewa na nakubali, kwa video hoja yako ni nzito.

Kijana wa Data

Na kukodi seva mtandaoni je? Mimi ndivyo ninavyofanya, nalipia saa ninazotumia tu. Changamoto ni dola, na kupandisha data kubwa kwa bando. Pia Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSY na Seacom zilipokatika baharini, kazi zangu zote zilikuwa upande wa pili wa maji na mimi nipo Kijitonyama natazama. Tangu hapo data za mteja mwenye haraka nabaki nazo hapa nyumbani.

Mwanafunzi Ardhi

Shikamoo kaka Mchora. Namaliza mwaka huu, nina hela ya kitu kimoja tu. Na bili ya LUKU ya hiyo ya mezani ikoje?

Mchora Majengo

Marahaba mdogo wangu. Mashine ikivuta wati 300 kwa saa 10, hizo ni uniti 3. Kwa sisi wa Sh 356 kwa uniti ni kama Sh 1,070 kwa usiku mmoja wa kurenda. Ingiza kwenye bei ya mteja.

Kwa hela ya kitu kimoja, chukua laptopu yenye kadi ya picha ya kujitegemea na nafasi ya kuongeza RAM, uifungue uhakikishe kwa macho. Utazunguka saiti na kwenye ofisi za watu mwaka mzima, ya mezani itakufunga. Kazi za kurenda zikianza kukulaza macho, njoo Sinza tuzirende kwenye yangu mpaka upate ya kwako. Na ukienda Kariakoo, nenda asubuhi, na ukague kama alivyosema Fundi.