Naomba ushauri: mishipa inavujisha maji, dripu tuikomeshe wapi?

Wakuu wa ICU (wodi ya mahututi), habari za kazi. Mgonjwa ana miaka 46, hili ni shambulio la tatu: presha 70/40, hematokriti (kiasi cha seli nyekundu katika damu) 61%, albumini (protini inayoshikilia maji mshipani) 18 g/L, mkojo hauna protini. Sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi), malaria na dengi (nayo huvujisha) hazipo; elektroforesi (kipimo cha kutenganisha protini za damu) imeonyesha IgG kappa (protini ya kinga ya aina moja iliyozidi). Hapo ni ugonjwa wa Clarkson tu (mishipa midogo kuvujisha maji ya damu kwa mashambulio). Shida ni dripu: ukiifukuzia presha ifike 120, mapaja yanavimba na kuwa magumu kama ubao, halafu maji yakirudi mshipani siku ya tatu, mapafu yanajaa. Mnaridhika na presha ngapi, na furosemidi (dawa ya kukojosha maji) mnaianza lini? Kinga ya IVIG (dripu ya kingamwili), 2 g/kg kila mwezi, ikikosekana, theofilini na terbutalini (dawa za pumu) mnaanza na dozi gani?