Tupeane uzoefu: umewafundishaje watoto wa shule kutotupa chakula?

Mwalimu wa zamu, Kongwa

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafundisha shule ya msingi wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mvua ikikatika wiki tatu tu mwezi wa pili kila mtu anajua mwaka utakuwaje. Chakula cha mchana shuleni kwetu hupikwa kwa mahindi na maharage yanayochangwa na wazazi, na kwa sababu hiyo niliumia sana nilipoona, katika wiki yangu ya zamu, ndoo ya makombo ikijaa hadi ukingoni kila siku ya makande. Nilisimama mbele ya mstari asubuhi nikawagombeza watoto, lakini mchana ndoo ilijaa vilevile.

Ndipo nikaazima mizani dukani. Wanafunzi wa Darasa la Tano, ambao wakati huo walikuwa wakisoma vipimo vya uzani, walipewa kazi ya kupima ndoo hiyo kila siku kwa wiki mbili, kutoa uzito wa ndoo tupu, na kuandika jibu kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani jikoni. Siku ya kwanza walipata kilo 11. Mtoto mmoja, ambaye mama yake alikuwa ameleta debe la mahindi wiki ileile, aliuliza hizo kilo 11 ni sehemu gani ya debe la mama. Sikuweza kumjibu papo hapo, kwa maana makande yaliyoiva yamebeba maji mengi. Basi tukapima kilo moja ya mahindi na maharage makavu, tukaipika, tukaipima tena ilipoiva, na tukarudi ubaoni kufanya hesabu. Kazi hiyo ilikula vipindi viwili, na sijapata kuona darasa limetulia namna ile.

Lililonifundisha mimi mwenyewe lilikuja tulipowauliza watoto kwa nini wanabakiza. Wa Darasa la Kwanza na la Pili walisema punje ni ngumu, na wengi wao kweli walikuwa wameng'oka meno ya mbele. Wengine walisema upawa ni uleule kwa mtoto wa miaka 6 na kwa kijana wa Darasa la Saba. Kumbe nilikuwa nimewagombeza kwa kosa letu sisi watu wazima. Siku hizi mahindi yanakobolewa na kulowekwa usiku kucha, wadogo hupakuliwa nusu upawa, na anayetaka kuongezewa anarudi bila kuulizwa neno. Ndoo haijawa tupu, lakini siku nyingi haifiki hata robo.

Naomba nanyi mtueleze mlivyofanya, hata pale mliposhindwa.

Mpishi wa shule, Morogoro

Mwalimu, umenifurahisha kwa kutaja upawa, kwa sababu mara nyingi lawama humwangukia mpishi ambaye hakuulizwa lolote. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipimiwa unga kulingana na idadi ya watoto walioandikishwa, wala si waliohudhuria, na siku ya gulio au ya msiba kijijini ugali ulibaki wa kulisha shule nyingine. Tulilimaliza jambo hili kwa kuwakabidhi watoto wenyewe: kiranja wa kila darasa huhesabu waliopo, na kabla ya saa tatu asubuhi analeta idadi jikoni kwenye kipande cha karatasi, nami sipimi unga mpaka karatasi zote zifike. Viranja wanaipenda kazi hiyo kuliko kupiga kengele.

Mwalimu wa madrasa, Tanga

Assalaam alaykum. Vijana wangu walikuwa wamehifadhi aya ya 31 ya Suratul A'raf, inayoruhusu kula na kunywa na kukataza israfu, tena waliisoma kwa tajwidi nzuri. Lakini hakuna aliyekuwa ameihusisha na sinia lake. Mwezi wa Ramadhani tulikuwa tukifuturu pamoja madrasani kila Alhamisi, kila nyumba ikileta chakula, na usiku tulibaki na muhogo wa nazi unaochacha kabla ya daku. Niliwapa vijana wakubwa daftari wapite nyumba kwa nyumba siku mbili kabla, waandike nani ataleta nini na kwa watu wangapi, na wamwombe kwa adabu anayekariri chakula alete tende au matunda badala yake. Wazazi wawili walinung'unika kwamba watoto wanawapangia sadaka, nami nikaenda kuzungumza nao mwenyewe. Neno israfu sasa nalisikia vinywani mwa watoto hata kwenye bomba la udhu, jambo ambalo sikulipanga.

Mama wa watatu, Makueni

Nimewasoma kwa makini na ninashukuru, ila ninaomba tuongeze jambo moja ambalo kwetu ni la uhai. Mtoto akifundishwa tu kwamba kutupa chakula ni vibaya, iko siku atapika mahindi yenye kuvu ili asionekane mharibifu. Mwaka 2004, hapa Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 125 walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Na mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yaliwafika ndugu zetu wa Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kwa hiyo katika klabu ya kilimo shuleni, ambako ninajitolea, tunaanzia ghalani kabla ya sahani: kuanika juu ya turubai wala si juu ya udongo, kupepeta, na kuchambua punje zilizovunjika au kubadilika rangi. Punje hizo hazipewi kuku wala ng'ombe, kwani mifugo pia hudhurika.

Watoto wanalipenda zaidi jaribio la chumvi. Unatia mahindi katika chupa kavu ya kioo, unaongeza chumvi kavu, unafunga na kutikisa; chumvi ikigandia kioo, mahindi yana unyevu na yarudi juani, na ikiteremka yote chini bila kugandia, yanafaa kuwekwa. Msichana mmoja aliifanya nyumbani, na babu yake akafungua magunia matatu aliyokuwa ameshayashona, akayaanika upya.

Mzazi, Mbagala

Mwanangu alikuwa akirudi na nusu ya chakula kila siku, nami nikidhani anadeka. Nilipokwenda shuleni niliona foleni ya kunawa mikono: bomba moja kwa watoto wote, na kengele inagongwa kabla wa mwisho hawajafungua vikopo vyao. Wazazi tulichanga tukanunua ndoo nne za koki.

Mwalimu wa zamu, Kongwa

Nawashukuru sana. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira inasema kwamba mwaka 2022 ulimwengu ulitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kiasi cha asilimia 60 kilitoka majumbani. Nilikuwa nimepanga kuwasomea wazazi takwimu hizo katika kikao cha tarehe 29 Septemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya jambo hili, lakini sasa nafikiri watoto waanze kwa kuwaonyesha ile karatasi ya manila. Mama wa Makueni, mahindi ya msimu huu tutayapima kabla ya kuyapokea stoo. Je, chumvi iwe kiasi gani?

Mama wa watatu, Makueni

Mwalimu, jaza mahindi theluthi ya chupa, vijiko viwili vya chumvi, tikisa vizuri, kisha uiache itulie robo saa kabla ya kutazama. Chumvi nayo uianike kwanza juani, maana ikiwa na unyevu itakudanganya.