Tupeane uzoefu: mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro mliuvukaje enzi zile?

Wapwani wenzangu, salamu. Mipaka ikitajwa ni Namanga tu, na huu wetu wa kusini, Lunga Lunga upande wa Kenya na Horohoro upande wa Tanzania, kama haupo. Mie ni wa Likoni, kwao mama ni upande wa Tanga, na nataka historia hii itoke kwa waliouvuka wenyewe kabla wazee hawajatuacha.

Mstari uliwekwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba. Wadigo na Wasegeju wakabaki nusu huku, nusu kule. Lakini kwetu kilichouma zaidi ni Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983, Moi, Nyerere na Obote walipokutana Arusha. Bibi alifiwa na dadake Tanga katikati ya miaka hiyo. Habari ilimfikia arubaini ishasomwa.

Haya, leteni zenu.

*Mvuvi wa Vanga:*
Baharini nani angeweka geti? Babu alikuwa akivusha watu wa harusi na matanga kwa ngalawa hadi Moa, upande wa Tanzania, usiku. Kina mama wamejitanda leso, vyombo vimefungwa kwa kamba visigongane, na sigara marufuku kwa sababu ule moto huonekana mbali. Mamangu aliolewa hivyo.

*Dereva mstaafu:*
Mimi nakumbuka mpaka ulipofunguliwa na baada yake. Horohoro hadi Tanga ilikuwa vumbi tupu, masika basi linakwama na abiria wanasukuma. Halafu unapanga foleni Lunga Lunga kugongewa muhuri wa kutoka, unapanda, unashuka tena Horohoro kuanza upya. Sasa kuna lami na kituo cha pamoja: ukienda Tanga unamaliza yote Horohoro, ukirudi unamalizia Lunga Lunga. Vijana hawajui walichoepushwa.

*Muuza matunda, Kongowea:*
Kaka dereva, kwa abiria sawa. Sisi wa machungwa ya Muheza bado tunaumia. Cheti cha afya ya mimea kikiwa na kasoro ndogo, gari linalala pale, na ya chini yanaanza kutoa maji.

*Mwanzisha mada:*
Ahsanteni sana. Mvuvi, babu bado yu hai? Kama yupo, tafadhali muulize waliondokea bandari gani na nani aliwapokea Moa. Nitakuja Vanga mwenyewe kuandika.