Grafu ya samaki inazama hadi 0 siku ambazo hatukupima

MwanaAmu: Assalaam aleikum jamaa. Nina jedwali la Excel la kilo za tafi zinazoshushwa dikoni Kizingitini, Mei hadi Agosti. Siku asiyokuja karani, fomula ni =IF(B14="","",B14). Kisanduku chaonekana kitupu, lakini mstari wa grafu unazama hadi 0. Tena nilipoficha Ijumaa, zikatoweka kwenye grafu. Nifanyeje?

FundiShela: Wa aleikum salaam. Kisanduku hicho si kitupu. Ile "" ni maandishi, na grafu ya mstari huyachora maandishi kama 0. Andika =IF(B14="",NA(),B14). Itatokea #N/A, alama ya Excel ya "hakuna thamani" ambayo grafu haiichori kama 0; sura mbaya kweli, na SUM ya safu hiyo itaharibika. Jumlisha safu ya B yenyewe.

Kisha bofya grafu kwa kitufe cha kulia, "Select Data", halafu "Hidden and Empty Cells". "Gaps" huacha pengo, "Zero" huchora 0, "Connect" huunganisha. Hapo hapo tia tiki kwenye "Show data in hidden rows and columns", Ijumaa zako zitarudi. Kama una Microsoft 365, tia tiki pia "Show #N/A as empty cell". Matoleo ya zamani hayana tiki hiyo: #N/A huunganishwa tu, hata ukichagua "Gaps". Ukitaka pengo huko, futa fomula kisanduku kibaki kitupu hasa.

BintiMalindi: Fundi kasema sawa, ila msifute sifuri zote. Kusi likichachamaa, mashua zisitoke, hiyo ni 0 ya haki, iandikeni 0. Pengo ni la siku samaki walishuka na mzani haukuguswa. Na mimi siungi pengo la wiki nzima: mstari mnyoofu utawaonyesha wasomaji kilo ambazo hakuna aliyezipima. Siku moja, sawa.

MwanaAmu: Shukran. Nimechagua "Gaps", mstari umekatika vizuri. Lakini Juni 17 tulipima kilo 42, na haionekani popote!

FundiShela: Juni 16 na 18 zina #N/A?

MwanaAmu: Ndiyo, zote mbili.

FundiShela: Basi imebaki peke yake, haina jirani wa kuunganishwa naye. Bofya mstari kwa kitufe cha kulia, "Format Data Series", kwenye "Marker" chagua duara la ukubwa wa 5. Utaiona.